Nyasi, Wavu na Dodoki

Tarehe 27 Septemba 2015, Eliud Kipchoge alikimbia Berlin Marathon akiwa na masikio miguuni. Ndivyo ilivyoonekana kwenye runinga: vipande viwili vikichungulia nyuma ya visigino vyake, vikipigapiga kila hatua kama masikio ya mbuzi anayekimbia. Zilikuwa soli za ndani za viatu vyake. Zilianza kutoka mapema, mbio zikiwa bado changa, na hazikurudi. Ukisimama kuzing'oa, umepoteza sekunde na mdundo. Usiposimama, unakanyaga kilometa zote zilizobaki juu ya kitu kinachokusugua. Hakusimama. Alimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 0, akashinda, mguu wa kushoto ukiwa na malengelenge na damu.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko mtu mwenye kazi anavyopaswa kuitazama. Kinachonivuta si ushindi, kwa sababu Kipchoge kushinda si habari. Ni kile kipande. Ni kitu ambacho hakuna mtu hukiangalia hadi siku kitakapomsaliti. Hata Kiswahili chetu hakijajisumbua kukipa jina lake chenyewe. Nenda kwa fundi yeyote wa viatu Nairobi, atakuambia tu "ile ya ndani". Mimi nitaiita soli ya ndani, na pale nitakapochoka nitaiita ile ya ndani, kama fundi.

Sababu yangu ya kuifuatilia ni ya kawaida kabisa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumbani, nikapata kibarua cha kusimama. Sina njia nyingine ya kukieleza: kazi yenyewe ilikuwa kusimama, saa kumi na moja kwa siku, kwenye stoo ya kupanga mizigo. Sheria ilikuwa viatu vyeusi vilivyofungwa. Nilinunua nilivyoweza, plastiki nje, plastiki ndani, sponji nyembamba katikati. Mwezi wa pili ngozi kati ya vidole ikawa nyeupe, ikaanza kubambuka kama karatasi iliyolowa. Jamaa wa duka la dawa aliniuzia krimu, kisha akaniambia maneno ambayo yalinifaa kuliko hiyo krimu: "Dawa ya hii kitu ni hewa, kijana. Hii ya kupaka ni ya kukupa moyo tu."

Sasa hewa inaingiaje kwenye kiatu kilichofungwa? Swali ni la kijinga hadi ujaribu kulijibu.

Anza na mguu wenyewe. Nyayo zako mbili zina tezi za jasho kama 250,000 hivi, na mahali pachache mwilini pana tezi zilizosongamana kiasi hicho. Jasho likitoka halina harufu ya maana. Harufu huja baadaye, bakteria wakishaanza kula jasho na ngozi iliyokufa ndani ya giza na unyevu. Baadhi yao ni ndugu wa karibu wa bakteria wanaotumika kutengeneza jibini fulani ya Ulaya iitwayo Limburger, na ndiyo maana inanuka kama soksi. Hii si mzaha wa baa. Miaka ya 1990, Mholanzi mmoja, Bart Knols, alionyesha kuwa mbu wa malaria wanavutwa na harufu ya jibini hiyo kwa sababu inafanana na ya miguu yetu. Baadaye Fredros Okumu na wenzake kule Ifakara, Tanzania, walitumia harufu ya soksi zilizovaliwa kama chambo cha kunasia mbu. Kwa hivyo mtu akikuambia ndula zako zinanuka, mwambie unachangia sayansi.

Ila mtu wa kwanza kutafuta jibu la hewa hakuwa mwanasayansi. Mwaka 2008, ndani ya pango moja la Armenia liitwalo Areni-1, wachimbaji walitoa kiatu cha ngozi ya ng'ombe, cha mguu wa kulia, kimekatwa kwa kipande kimoja na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Kilikuwa kimefunikwa na kinyesi cha kondoo, na hicho ndicho kilichokihifadhi kwa miaka kama 5,500. Saizi yake ni kama 37 ya leo. Ndani kilijazwa nyasi. Wataalamu bado wanabishana kama nyasi zile zilikuwa za kutia joto mguu au za kukifanya kiatu kisikunjamane kikiwa kimewekwa. Mimi, kama mtu aliyewahi kujaza magazeti ndani ya viatu vilivyolowa mvua ya Aprili, sioni kwa nini haziwezi kuwa za yote mawili.

Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana kwenye barafu. Septemba 1991, wapanda milima wawili Wajerumani walikuta maiti kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, zaidi ya mita 3,200 juu ya bahari. Walidhani ni mtu aliyepotea juzi. Alikuwa na miaka kama 5,300. Dunia ilimpa jina la Ötzi, na watu wameandika kuhusu shoka lake, michoro ya mwilini mwake, mshale uliomuua na chakula cha mwisho tumboni mwake. Viatu vyake vimeandikwa kidogo, ilhali ndivyo vinavyoshangaza. Chini ngozi ya dubu. Juu ngozi ya paa. Na katikati, kati ya ngozi na mguu, wavu uliosukwa kwa nyuzi za gamba la mti, na ndani ya wavu huo nyasi kavu zilizoshikiliwa zisitembee.

Soma hiyo tena taratibu. Miaka 5,300 iliyopita, mtu aligundua kuwa nyasi peke yake hazitoshi, zitajikusanya upande mmoja, mguu utabaki wazi. Akazifungia ndani ya wavu. Nyasi zinashika hewa, hewa inashika joto, jasho linapata pa kwenda, na wavu unalinda mpangilio. Ukiiuza hiyo leo kwenye duka la michezo utaitia jina la kizungu na bei ya elfu nne.

Profesa mmoja Mcheki, Petr Hlaváček, aliamua kutoamini kwa macho tu. Yeye na wenzake walivitengeneza upya viatu vya Ötzi, dubu na paa na nyasi na kila kitu, wakapanda navyo mlimani. Waliripoti kwamba vinatia joto, vinakaa vizuri mguuni na havikuwatoa malengelenge kama walivyoogopa. Hlaváček alikuwa akifundisha chuo kikuu cha mji wa Zlín. Na kama jina hilo halikuambii kitu, jina la chuo litakuambia: Tomas Bata University.

Ndiyo, huyo Bata. Zlín ndiko ndugu watatu, Tomáš, Antonín na Anna Baťa, walikoanzisha karakana yao ya viatu mwaka 1894. Tawi la mti huo ndilo lililofika Limuru enzi za ukoloni, likaota kiwanda, hadi leo kuna watoto Kenya wanaofikiri Bata ni neno la Kiswahili. Nimewahi kusikia mtu mzima akibisha kuwa ni la Kikuyu. Mji uliotuvisha viatu ndio huohuo uliokwenda kuuliza mtu wa barafu alivaaje vyake.

Kabla hatujatoka kwenye baridi, kuna watu wa kutajwa. Wasami, wanaoishi kaskazini kabisa mwa Norway, Sweden, Finland na Urusi, wametumia nyasi ndani ya viatu kwa karne nyingi. Huzikata kiangazi, huzipondaponda zilainike, huzichana kama nywele, kisha huzizungusha kuwa kitita cha kuweka ndani ya kiatu cha ngozi ya paa wa kaskazini. Hakuna soksi. Na usiku, hapa ndipo penye siri, zinatolewa zikaushwe. Kesho zinarudi. Wazungu waliokwenda kutafuta Ncha ya Kusini mwanzoni mwa karne iliyopita, kina Robert Scott, walinunua viatu hivyohivyo na nyasi zake, kwa kuwa viwanda vya Uingereza iliyotawala robo ya dunia havikuwa na kitu bora zaidi cha kuweka chini ya mguu.

Utawala huohuo, miaka michache baadaye, ulikuwa na swali la miguu katika mabara mawili kwa wakati mmoja. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915, askari wa Uingereza walikuwa wamesimama kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, maji hadi vifundoni, siku baada ya siku. Miguu ilianza kufa ganzi, ikavimba, ikawa ya samawati, mingine ikaoza. Waliougua walifika kama 20,000 katika msimu ule mmoja. Jeshi likaamka. Soksi za kubadilisha kila siku, mafuta ya nyangumi ya kupaka, maofisa wakaamriwa kukagua miguu ya vijana wao. Fikiria bwana mkubwa mwenye nishani amechuchumaa kwenye matope akiangalia vidole vya mtoto wa mkulima. Kumbe jeshi linaweza kujali vidole likiamua.

Upande wetu, vita hivyohivyo vilipiganwa kwa vichwa na nyayo. Hakukuwa na barabara za kutosha za magari, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Waingereza wakakusanya wanaume, wengi kwa nguvu, kuwa wapagazi. Carrier Corps. Walitembea kutoka Kenya hadi ndani kabisa ya Tanganyika na kuvuka Ruvuma, mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, wengi wao pekupeku. Na chini kwenye vumbi kulikuwa na funza. Mdudu huyu si wa kwetu. Inaelezwa alifika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazil, akavuka bara zima kwa miguu ya watu, na kabla karne haijaisha alikuwa Afrika Mashariki. Anaingia chini ya ukucha, anataga, kidole kinavimba, kinaoza. Mtu mwenye funza kumi hatembei, na mpagazi asiyetembea alikuwa anaachwa. Vifo vya wapagazi upande wa Waingereza vinakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Risasi zilichukua wachache.

Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za 1928 zinazowakumbuka. Maandishi yake, ambayo hutajwa kuwa ya Rudyard Kipling, yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nimesimama pale mara kadhaa nikisubiri mat na kila mara neno hilo linanikwama. Miguu ya jeshi. Jeshi lililojua, mwaka uleule, jinsi ya kukagua vidole.

Tena haikuishia hapo. Angalia picha nyingi za askari wa KAR za miaka ya 1920 na 1930. Kofia imenyooka, kaptula imepigwa pasi, mshipi unang'aa, bandeji za miguu zimezungushwa hadi chini ya goti. Halafu chini, miguu mitupu. Walisema Mwafrika hutembea vizuri zaidi bila viatu, nyayo zake ni ngumu. Ni hoja ya bei nafuu sana, unaona, inaokoa jozi elfu nyingi. Abebe Bikila alipokimbia Rome pekupeku mwaka 1960 na kushinda, wapo waliofurahia kuona hoja hiyo imethibitishwa. Ukweli ni kwamba viatu alivyopewa kule havikumkaa vizuri. Alichagua kati ya kiatu kibaya na hakuna kiatu.

Kambi ya wapagazi hao Nairobi ndiyo iliyozaa jina la Kariokor. Na kama unajua Kariokor, unajua sasa kunauzwa nini: viatu. Sandali za ngozi, za shanga, za akala iliyokatwa kutoka tairi. Mahali palipopewa jina na watu wasio na viatu pamekuwa mahali ambapo Nairobi nzima inakwenda kutengenezewa viatu. Hakuna aliyepanga hivyo. Jirani yake kuna Burma, jina ambalo wengi husema lilitoka kwa askari waliorudi kutoka vita vya pili. Vita viwili vimekaa bega kwa bega, katikati yake harufu ya nyama choma na gundi.

Niende mbio kidogo kwa Marekani na Ujerumani, kwa sababu vitabu vya historia ya viatu hukaa huko hadi unachoka. William Scholl, mtoto wa shambani Indiana, aliyejifunza kushona viatu kabla ya kujifunza udaktari, alipata hataza ya kifaa cha kuinua unyayo mwaka 1904 akiwa Chicago. Akauza mamilioni. Kifaa chake kilikuwa cha kushika mguu, si cha kuupumulisha. Konrad Birkenstock, Frankfurt, tangu miaka ya 1890 alikuwa anauza wazo kwamba sehemu ya ndani ya kiatu ifuate umbo la mguu, wakati kila mtu alikuwa anatengeneza bapa. Baadaye ukoo wake ukatumia koki, gamba la mti, na hilo angalau linanyonya jasho. Sawa. Tuendelee.

Kwa hewa yenyewe, hatua kubwa ilifanywa mwaka 1942, na ilifanywa kwa ajili ya msitu. Jeshi la Marekani lilikuwa linapeleka vijana kwenye joto na tope la Panama na visiwa vya Pasifiki. Kiatu cha ngozi huko hakikauki. Wakatengeneza buti la turubai na mpira, na ndani wakaweka soli ya ajabu: tabaka kadhaa za wavu wa plastiki, zimeunganishwa pamoja kwa joto, hakuna sponji, hakuna kitambaa. Ukikanyaga, wavu unaminywa na hewa yenye unyevu inasukumwa nje kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa kwa ajili ya kutoa maji ubavuni mwa buti. Ukiinua mguu, wavu unafura na hewa mpya inavutwa ndani. Kila hatua ni pumzi moja. Soli ikichafuka, unaitoa, unaisuuza mtoni, unaikung'uta, unairudisha. Baadaye waligundua kuwa ukiiweka kwenye buti la baridi, wavu uleule unashika hewa na kutia joto. Yaani walitumia kemia, viwanda na bajeti ya vita kufika pale Ötzi alipokuwa amefika na gamba la mti.

Plastiki yenyewe iliitwa Saran. Ilitokea kwa bahati mwaka 1933 kwenye maabara ya kampuni ya Dow, kijana aitwaye Ralph Wiley aliposhindwa kuosha chupa moja iliyoganda kitu ndani. Baada ya vita kitu hichohicho kilitandazwa kikawa karatasi nyembamba ya kufungia chakula, ile inayong'ang'ania sahani. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nalipita. Plastiki ileile, ukiitandaza inazuia hewa kabisa, ukiisuka inakuwa mapafu. Kwa hivyo swali la "hii imetengenezwa na nini" ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni njia. Hewa ina pa kupita?

Sasa rudi kwenye ile sponji ya ndani ya viatu vingi tunavyonunua. Imejaa hewa, kweli, lakini kila kiputo kimefungwa peke yake, hakiongei na jirani. Ni laini na nyepesi, ila haivuti jasho wala kulitoa, jasho linabaki limekaa juu yake kama maji kwenye kitambaa cha meza cha plastiki. Watengenezaji wanajua, kwa hivyo wanatoboa matundu. Matundu mazuri, yamepangwa kama nyota. Halafu wanaibandika kwa gundi juu ya ubao mgumu usio na tundu hata moja. Umewahi kuingia kwenye zile ghorofa za Pipeline ambazo chumba kina dirisha, ukilifungua unasalimiana na ukuta wa jirani? Hivyo.

Nilimuuliza mzee mmoja pale Kariokor, fundi ambaye mikono yake imekuwa rangi ya ngozi anayoikata.

"Mzee, shikamoo. Mbona wewe hutoboi ile ya ndani?"

"Marahaba. Nitoboe ipumulie wapi? Chini ni gundi." Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, wewe unauza ama unanunua?"

"Nauliza tu, Mzee."

"Ya kuuliza ni bure. Keti hapo lakini usinizibie mwanga."

Yeye hutumia ngozi ndani, na si ngozi yoyote. Anataka ile iliyotengenezwa kwa magamba ya miti, si ile ya kemikali ya samawati, kwa kuwa ya magamba inakunywa jasho mchana na kulitema usiku kiatu kikipumzika, na baada ya wiki chache inachukua umbo la mguu wa mwenyewe. Kenya tuna mti wa kazi hiyo, muwati, na Eldoret kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kukamua dawa ya ngozi kutoka kwa magamba yake. Leo, alisema, ngozi hiyo ni ya kubembeleza. Wateja wanataka sponji kwa sababu dukani ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Mteja hununua kwa kidole, mguu unakuja kulipa baadaye.

Wenye mitumba wanajua hili pia. Gikomba, kabla kiatu hakijawa kamera cha kutundikwa mbele, kinaoshwa, kinapigwa brashi, na ile ya ndani inang'olewa. Si kwa sababu ya harufu pekee. Ni kwa sababu ina alama. Mtu wa Manchester au Hamburg ameacha kisigino chake pale, kidole gumba chake, jinsi anavyoelemea upande. Ukivaa kiatu bila kuibadilisha, unatembea kwenye nyayo za mtu mwingine, na magoti yako yanajua. Tunajivunia nyayo za kale za Ileret kule Ziwa Turkana, za miaka milioni 1.5, halafu kila siku pale Gikomba tunatupa nyayo za watu kwenye Mto Nairobi.

Nilianza kutengeneza zangu mwaka jana. Kwanza nilijaribu njia ya Wachina, ambayo nilivutiwa nayo kwa sababu inatumia takataka: vitambaa vikuukuu vya pamba vinabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, vinakaushwa juani juu ya ubao, vinakatwa umbo la mguu, kisha vinashonwa kwa mkono mishono mamia. Wanawake wa vijijini kule huzitarizi maua na kuwapa wachumba wao. Zangu hazikuwa na maua, ila zilifaa. Zinanyonya jasho sana. Zinachelewa tu kukauka, na msimu wa Juni Nairobi haina jua la kukopesha.

Ndipo nikakumbuka dodoki. Ndiyo, lile la kuogea, linalotambaa kwenye ua kule Pwani. Kabla ya vita vya pili Japani ilikuwa inauza madodoki duniani kote, na mengi hayakuwa ya kuogea: yalichuja maji na mafuta kwenye injini za meli, na yalikatwa kuwa soli za ndani za viatu. Ukilitazama kwa karibu unaelewa. Ni wavu juu ya wavu, nyuzi zinapishana kila upande, hakuna kiputo kilichofungwa. Ni ile soli ya 1942, imeota yenyewe juu ya mti wa mwembe.

Nanunua makavu, makubwa, shilingi 50 au 70 kutegemea na sura yangu siku hiyo. Nalowesha usiku kucha. Nalipasua kwa urefu, natoa mbegu na ule moyo wa katikati, nabaki na ganda la nje ambalo ndilo lenye nyuzi zilizofumana. Nalibana kati ya vibao viwili, juu naweka debe la maji, siku mbili. Likikauka nachora mguu wa mteja kwenye karatasi ya katoni, mguu wenyewe, akiwa amesimama, si saizi ya kiatu, kwa sababu mguu ukisimama unatanuka. Nakata. Juu nashonea kipande cha jinzi kuukuu, pamba tupu, iliyofuliwa hadi ikalainika. Chini naacha wazi, sibandiki chochote, maana ikibandikwa haitoki, na isiyotoka haikauki. Nawaambia wateja: mbili kwa kila mguu, moja ndani, moja dirishani.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa masoja wa mtaa wetu, wale wa usiku, kisha wahudumu wawili wa hoteli, kisha mwalimu. Watu wa kusimama. Soja mmoja, mzee wa makamo, alizivaa wiki mbili akanirudia. Nilifikiri anataka pesa zake.

"Hizi ni poa," akasema, "lakini kiatu sasa kinanibana. Umenipunguzia nyumba."

Alikuwa na haki. Dodoki lina unene, na buti la kampuni halikukatwa likitarajia mgeni. Tangu hapo nimekuwa nikilibana kwa pasi ya moto juu ya kitambaa chenye maji, linashuka hadi kama milimita nne bila kupoteza nyuzi zake, ingawa pasi ikizidi kidogo linaungua na chumba chote kinanuka kama shamba lililochomwa. Zake mpya ziko chini ya debe sasa hivi. Alisema atapita Ijumaa akitoka zamu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nisimchelewesha, ana mat ya kushika.